Wiki Tuliyofundishwa Habari za Walowezi

Juzi nilimwaga majivu ya mkaa kwenye udongo uliotoka kunyeshewa, na harufu iliyopanda ikanilazimisha niketi kwenye ngazi. Ni harufu ya moshi uliolowa, yenye chumvi kidogo, inayong'ang'ania kooni. Mama alikuwa akinyunyiza majivu kama hayo kwenye mchicha ili kuwafukuza wadudu, na mimi nilikuwa nikimshikia kopo. Wenzangu wa rika langu wakisikia harufu hiyo hukumbuka jiko la bibi. Mimi hukumbuka wiki moja nilipokuwa na miaka tisa, wiki ambayo kila asubuhi niliamka nikijua kwamba Mama ataondolewa, na kwamba mtu pekee awezaye kulizuia jambo hilo ni mimi.

Tulikaa Troyeville, mashariki ya katikati ya Johannesburg, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa mara mbili kwa ukuta mwembamba. Upande wa pili alikaa Mama Béa, Mkongo wa Lubumbashi, aliyesuka watu nywele barazani kutwa nzima na kujua habari za mtaa mzima bila kuinuka kitini. Baba alikuwa mwenyeji wa nchi hii. Alikaa ukimbizini Morogoro miaka mingi, akamwoa Mama kulekule, na nchi ilipofunguka alitangulia kurudi. Sisi tulimfuata kwa basi. Alipata kazi ya ulinzi kwenye mgodi ulio mbali na mji, kwa hiyo tulimwona mwisho wa mwezi tu. Watu walipotutaja walisema Baba amerudi na Mama amekuja. Nilikuwa mtoto wa kusikiliza na kupanga mambo. Nilikuwa na daftari la kurasa za miraba ambamo niliandika nani kasema nini. Kurudi na kuja niliviandika kwenye kurasa mbili tofauti.

Mama hakuja mikono mitupu. Kabla hatujaondoka Morogoro alifumua pindo la gauni langu la njano, akamimina ndani mbegu za mchicha na za maboga, akalishona tena. Mpakani askari alipekua mabegi yetu hadi kwenye pakiti ya chumvi. Mimi nilisimama wima kama nilivyoagizwa, nisiruke wala nisijikune, huku mbegu za maboga zikinikwaruza magoti. Hakuna aliyegusa gauni la mtoto.

Kando ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja kitupu, kimejaa nyasi, chupa na matairi. Hakuna jirani aliyejua ni cha nani. Kwanza Mama alimwomba Mama Béa ruhusa ya kutumia bomba lake la nje. Kisha akafyeka. Alipochimba alikuta mawe yamepangwa ardhini kwa mistari, makubwa kwenye pembe na madogo katikati, ya ukubwa wa mkate. Hakuyang'oa. Alisema yameshamkatia matuta, ya nini kujisumbua. Ndani ya kila mraba alipanda kitu chake: huku mchicha, huku matembele, huku maboga. Mwishowe akazungushia matawi ya miiba ili watu wasikatize katikati. Wakongo walifika kununua, wakiuita mchicha lengalenga. Walikuja Warundi, walikuja wake wa Kitanzania kama yeye. Kilichobaki alikifunga mafungu, akakibeba kwenye beseni mpaka Marshalltown, kukiuza kando ya maofisi. Kiwanja kile ndicho kilichotulisha kuanzia katikati ya mwezi, mshahara wa Baba ulipokwisha.

Mwalimu wetu wa darasa la nne tulimwita Mem, kama tulivyowaita walimu wote wa kike. Vitabu vipya vilikuwa havijafika. Jumatatu ile aliinua kitabu cha zamani, akatuonyesha picha ya meli na wanaume wenye kofia wakishuka ufukweni, kisha akakifunga.

"Kitabu hiki kinaanza hadithi meli inapotia nanga," alisema. "Kana kwamba nchi ilikuwa imelala inawasubiri. Sisi tutaanza kabla ya hapo."

Alitutoa nje. Kwenye saruji ya uwanja alichora kwa chaki mto mrefu, malisho ya majira ya joto upande mmoja na malisho ya majira ya baridi upande wa pili. Nusu yetu tungekuwa wafugaji, wale waliokuwako tangu mwanzo, na vifuniko vya soda ndio ng'ombe wetu. Nusu wangekuwa watu wa meli. Tuliokota vikaratasi ndani ya kofia yake. Mimi nilipata ufugaji, na nikafurahi sana, hata nikaanza kuwapa ng'ombe wangu majina.

"Mem," alisema Lindiwe, msichana aliyekaa mbele yangu darasani, "huyu hawezi kuwa mwenyeji. Mama yake ni kwerekwere." Hilo ndilo neno walilotuitia sisi wa kaskazini ya mpaka, na halikuwa neno zuri.

"Lindiwe, umeokota karatasi gani?"

"Ya meli, Mem."

"Basi panda meli yako, unyamaze. Na neno hilo nisilisikie tena."

Watoto walicheka. Mimi nilicheka nao, lakini niliacha kuwapa ng'ombe wangu majina.

Siku ya kwanza watu wa meli hawakufanya kitu kibaya. Waliomba maji. Waliomba nyama, wakatulipa vipande vya waya wa shaba. Nilimuuliza Mem kwa nini basi tusiwapende. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Hawakuanza na bunduki," alisema. "Walianza kwa kuomba maji. Wakatoa mbegu, wakapanda."

Sijui kama aliona rangi yangu inavyobadilika. Nilikuwa nalisikia pindo la gauni la njano likinikwaruza magoti, ingawa gauni lenyewe lilikuwa limeshakuwa tambara la kupigia deki.

Jumanne mchezo uliendelea. Mem alituagiza sisi wafugaji tuhamie malisho ya baridi, maana yake tuzunguke vyoo na kurudi. Tuliporudi, watu wa meli walikuwa wamechora bustani katikati ya malisho yetu ya joto, na kuizungushia alama za chaki zenye ncha kama misumari. Mem alisema hiyo ni miiba, kwa kuwa watu wale walipanda uzio wa miti ili ng'ombe wa wenyeji wasipite. Tuliwauliza kulikoni. Lindiwe, ambaye alikuwa amefundishwa la kujibu, alipanua miguu na kushika kiuno.

"Tumeshapanda," alisema.

Sisi wafugaji tulipiga kelele. Mvulana mmoja alifuta chaki kwa kiatu, akasukumwa, ikabidi Mem asimame katikati. Wenzangu walikuwa na hasira ya kweli. Mimi nilikuwa na hofu ya kweli. Jioni ile nilichora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja watu wa meli, upande wa pili Mama. Waliomba maji, aliomba maji. Walileta mbegu, alileta mbegu. Walilima mahali pasipo pao bila kuuliza, naye hakuuliza. Walizungushia miiba. Niliinua macho nikamtazama akinyunyiza majivu yake, anaimba chinichini, kanga imefungwa kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona kama anavyoonwa na mtu wa nje ya uzio.

Mchana wa siku hiyohiyo, nikitoka shule, nilikuwa nimemkuta mzee kiwanjani. Aliingilia upande ambao miiba ilikuwa imelegea. Alivaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali, na alikuwa akitembea polepole kando ya mawe, anahesabu hatua, anasimama, anaandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Mama alinikanya daima nisitoe Kiswahili barabarani. Lakini mbele ya mvi mdomo wangu haukusubiri ruhusa.

"Shikamoo," nilisema.

Mzee aliinua kichwa. "Umesemaje, mntanami?" Ndivyo wazee wa Kizulu wamwitavyo mtoto, mwanangu.

"Hakuna kitu, baba."

"Nani amepanda hapa?"

"Sijui."

"Na nyumba hii ya nani?"

"Sijui, baba."

"Na wewe unaingia nyumba ya nani?"

Nilikuwa nimeshashika komeo la geti. Nilikimbilia ndani, nikajibana nyuma ya mlango hadi nilipomsikia akiondoka.

Jumatano Mem aliacha meli, akatuletea habari za karibu. Alisema wafugaji wale walipoteza ng'ombe, wengi wakafa kwa ugonjwa wasioujua, na waliobaki wakawa vibarua kwenye malisho yao wenyewe. Hata lugha zao zikabaki midomoni mwa wachache. Alisema jambo lile halikuishia ufukweni wala zamani. Liliendelea kupanda nchi kavu mpaka hapa mjini, na babu na bibi zetu wengine walipandishwa malori wakatupwa mbali na nyumba zao. Sasa kuna sheria mpya. Walioondolewa wanaandika madai, na ofisi inatuma watu kuja kutazama.

"Kwa hiyo wenyewe watarudi, Mem?" aliuliza mvulana wa kiatu.

"Wameanza kurudi."

"Na wale waliokaa pale?"

Mem alifuta chaki vidoleni. "Hilo," alisema, "ndilo tutakalolizungumza Ijumaa. Kila mmoja aje na mtu mzima wa kwao, atueleze familia yake ilitoka wapi."

Mzee alikuwapo tena siku hiyo, ameketi kwenye jiwe la pembeni, karibu kabisa na matembele. Sikuwa na njia ila kumpita.

"Wewe msichana usiyejua kitu," alisema. Alikuwa anatabasamu, lakini mimi sikuliona tabasamu, niliona bahasha tu. "Leo nikueleze mimi. Hapa nilizaliwa. Vilikuwa vyumba sita vimepangana, chetu cha nne, hapa penye majani haya. Nilikuwa mkubwa kama wewe lori lilipokuja. Kesho saa tisa namleta mtu wa ofisi ajionee."

Usiku huo Mama alisoma barua ya shule, akaikunja vizuri.

"Baba yako hayupo. Nitakuja mimi."

"Si lazima, Mama."

"Si lazima kwa nini? Mimi si mtu mzima?"

"Wanataka watu wa hapa."

Aliikunjua tena. "Barua haikusema hivyo," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Sikumweleza habari za mzee. Leo nikijiuliza kwa nini, naona kwamba nilidhani jambo likisemwa ndipo linapokuwa kweli. Nilijilaza nikapanga kazi yangu kwa utaratibu. Mama alikuwa akirudi kutoka Marshalltown saa kumi. Mzee angefika saa tisa. Mimi nilitoka shule saa saba na nusu. Kama mtu wa ofisi asingeona bustani wala miiba, angemwandika nani?

Alhamisi nilikimbia njia nzima, nikavuka kwenye roboti, kama tunavyoziita taa za barabarani, bila kutazama. Nilianza na mchicha. Unang'oka kwa urahisi, mizizi yake myekundu inatoka na sauti kama ya kitambaa kinachoraruka. Matembele yalinisumbua, yalikuwa yameshikana chini kwa chini, nikayavuta kwa kuegemeza mwili wote. Maboga yalikuwa bado machanga, na yalipasuka nilipoyatupa juu ya ukuta wa nyuma. Mikono ilinuka majivu.

"Weye mutoto!" Mama Béa alikuwa amesimama barazani, kitana mkononi, na mteja wake nyuma akiwa na nusu ya kichwa tu kilichosukwa. "Unafanya nini na lengalenga ya mama yako?"

"Mama ameniambia nivune, Mama Béa."

"Kuvuna na mizizi? Njo kuvuna gani hiyo? Mama yako atakufa na pressure, miye minasema!"

Sikusimama. Niliburuta miiba yote mpaka nyuma ya nyumba, ikanichana miguu. Na kwa kuwa mawe nayo yalikuwa yamepanga bustani, nilidhani ni sehemu ya kosa la Mama. Niliyang'oa moja moja, nikayaviringisha mpaka nyuma ya nyumba, nikayarundika. Yale makubwa ya pembeni yalinishinda. Nilipomaliza, kiwanja kilikuwa udongo uliochafuliwa tu, na mimi nilisimama katikati nikitweta, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sikuogopa.

Mzee alifika saa tisa na dakika chache. Alifuatana na dada mmoja wa ofisi, kijana, ana kamera shingoni na utepe wa kupimia. Mzee alikuwa akimweleza jambo huku amenyoosha mkono, na mkono ule ulibaki hewani.

Hakupiga kelele. Alitembea mpaka pale alipoketi jana, akageuka, akarudi, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Mawe mengine yalikuwa hapa," alisema. "Jana yalikuwa hapa."

"Baba, mimi naona kiwanja kilicholimwa na mawe machache tu," alisema yule dada kwa upole. "Kuna picha yoyote ya zamani? Kuna ramani?"

"Kwenye ramani zao sisi hatukuwapo. Niliyahesabu. Msingi wote ulikuwa hapa."

"Lazima niandike ninachokiona, baba."

Nilikuwa bado nina udongo mikononi. Nilielewa kitu kimoja tu, na nilikielewa kwa mwili mzima kabla ya akili: yale hayakuwa mawe ya Mama. Yalikuwa kuta za mzee yule. Mimi, niliyekuwa mfugaji mwenye vifuniko vya soda, ndiye niliyefuta nyumba ya mtu ili ionekane kwamba hapakuwa na mtu.

Ndipo Mama alipotokea kwenye kona, mapema kuliko siku zote, na beseni kichwani. Alitua beseni. Aliona kiwanja, akaniona mimi, akawaona wageni, na kwa kuwa ni Mama, alianza na salamu. Aliwasalimu kwa Kizulu chake cha kubahatisha, mikono yote miwili mbele, akapiga goti kidogo kwa mzee. Baada ya hapo ndipo alipogeuka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mutoto wako!" alijibu Mama Béa toka barazani.

"Mimi, Mama." Kiswahili kilinitoka chote, barabarani, mbele ya watu. "Ili wasikuondoe. Hii ni nyumba yake, alizaliwa hapa, wamekuja kuangalia. Mem kasema walianza kwa kuomba maji, wakapanda, wakaweka miiba. Na wewe umefanya vilevile. Na mbegu nilizibeba mimi."

Mzee aliuliza ninasema nini. Mama angeweza kusema lolote; hakuna mwingine aliyenielewa ila Mama Béa, na Mama Béa angemsaidia kudanganya kwa moyo wote.

"Anasema," alijibu Mama, "nimelima ndani ya nyumba yako. Ni kweli, baba?"

"Ni kweli, mama."

Mama alivua viatu. Aliingia kiwanjani, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya udongo kama apapasaye mtoto mwenye homa. Jiwe lililokaa mahali miaka mingi huacha shimo lake, na mashimo yale yalikuwapo bado, chini ya vurugu yangu, yamebanwa na kulainika. Alikuwa amepalilia kando ya kila jiwe kwa miaka mitatu. Aliyajua kwa vidole.

"Lete lile la pembetatu," aliniambia. "Sio hilo. Lililovunjika sikio."

Nilibeba. Nilibeba mpaka mabega yakawaka. Mama alilaza kila jiwe, akaligeuza, akalisukuma mpaka likae bila kutikisika, na mzee akawa anamfuata nyuma akihesabu. Mahali pamoja alimshika mkono.

"Hapa hapakuwa na jiwe. Hapa ni mlango."

"Ndiyo maana maboga yalikuwa yanapenyea hapa," alisema Mama, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu wasiojuana.

Vyumba vilirudi kimoja kimoja. Yule dada alipima, akapiga picha, akaandika. Kwenye chumba cha nne mzee alivua kofia, akasimama ndani ya msingi ule usiozidi hatua tano. Mama alingoja. Kisha akamuuliza jambo ambalo mimi nilikuwa nimefanya kila niwezalo lisiulizwe.

"Wakikupa, baba, utataka nisilime tena?"

Mzee aliitazama nyumba yetu, ukuta, bomba la Mama Béa. "Sijui, mama. Nina wajukuu wamejazana vyumba viwili Soweto. Siwezi kukudanganya." Alirudisha kofia kichwani. "Mimi sikuombwa, niliambiwa nipande lori. Wewe nitakuja mwenyewe kukuomba. Jina langu Khumalo."

Niseme hapa kabisa, msomaji asije akangoja: hakuja. Ofisi ilichukua miaka kujibu, na mwishowe walijenga pale watu ambao si yeye wala si sisi, na hawakumwomba mtu. Lakini mtoto wa miaka tisa hakuyajua hayo. Yeye alimwona mzee anaondoka na bahasha yake, na bustani imelala imekufa.

Jioni Mama alichagua mashina ya matembele yaliyokuwa bado mabichi, akayachomeka tena ardhini. Nilimsubiri anichape. Hakunichapa.

"Umeogopa tangu lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

Alikandamiza udongo kwa kisigino. "Mimi tangu mpakani," alisema. Nilitamani asingesema. Mpaka siku ile nilidhani hofu ya nyumba yetu yote ninaibeba mimi, na kwamba nyuma yangu kuna mtu asiyeogopa.

Ijumaa alivaa gauni lake la harusi za watu, akaja. Nilimwomba njiani mara mbili asije, akanishika mkono tu. Darasani watu wazima walikaa kwenye viti vyetu vidogo, magoti juu. Bibi yake Lindiwe alieleza walivyoamshwa, na jinsi sufuria la uji lilivyopakiwa lorini likiwa bado la moto, na Lindiwe, ambaye sikuwahi kumwona analia, alilia. Zamu yetu ilipofika Mama alisimama, ameshika pochi mbele yake. Alizungumza Kizulu chake, na pale kilipomwishia Mem alimsaidia.

"Mimi sikuondolewa mahali," alisema. "Mimi nimekuja. Ninalima kiwanja cha Mzee Khumalo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita, chake cha nne. Nilikuwa sijui. Sikuuliza. Sasa nimemuuliza."

Lindiwe alinyoosha mkono, macho bado mekundu. Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake; alitaka kujua kweli.

"Akisema utoke, mama?"

"Nitatoka."

"Utaenda wapi?"

"Hilo bado sijalijua."

Mem ndiye aliyeanza kupiga makofi, darasa zima likamfuata, na hata bibi yake Lindiwe aligonga sakafu kwa fimbo. Mimi sikupiga. Mle ndani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Mama akishasema jambo mbele za watu, hulitenda.